Mama Mkwe na Karatasi za Kufa

Kibanda changu cha fotokopi kiko Kashikishi, ng'ambo ya ziwa kutoka Kongo, ukitoka sokoni kwenda kwenye maboti, karibu na wauza nyavu. Nachapa, natoa nakala, napiga picha za kitambulisho. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, wateja wote wanajua, na hakuna kitu kinachonipandisha hasira kama karatasi kuharibika. Umeme unakatika karatasi ikiwa nusu ndani ya mashine. Mashine ikipata joto inaivuta upande na kuikunja. Walimu wanaleta mtihani, nikishatoa nakala za darasa zima wanagundua swali moja limerukwa. Watu wa msiba ndio balaa kabisa: wanakuja na ratiba ya mazishi, wana haraka na machozi, nachapa rundo, halafu shangazi mmoja anajitokeza nyuma yao na kusema jina la marehemu limekosewa. Utamwambia nini mtu aliyefiwa? Unachapa upya na kunyamaza.

Halafu sisi tuliotoka Kongo tunapenda nakala kupita kiasi. Mfanyabiashara anayevuka ziwa haendi na karatasi moja. Anataka ya kuonyesha, ya kuficha, na ya kulowa maji. Hiyo ya kulowa maji huwekwa juu ya mzigo makusudi, ili wimbi likija lipate kitu cha kuharibu. Nimejaribu kuwauliza kwa nini wasinunue mfuko wa nailoni wakaifunika hiyo moja. Wananitazama kwa huruma na kuomba nakala nyingine.

Zilizoharibika tunaziita karatasi za kufa, kwa kuwa kwetu kitu chochote kikiharibika kimekufa, iwe redio au kiatu. Zamani nilizitupa zote kwenye shimo nyuma ya vibanda, pamoja na makatoni ya mwenye duka la dawa na makaratasi ya ofisi za jirani. Shimo likijaa tulilichoma. Hatukufikiria lolote zaidi ya hapo.

Kisha mama wa mke wangu akahamia kwetu Nchelenge, mji ulioshikana na Kashikishi. Alivuka kutoka upande wa pili baada ya vita kuwatawanya ndugu zake, akaja na furushi moja na kikohozi chake. Tulimjengea chumba nyuma ya nyumba. Hapo lazima nieleze jambo la buko, yaani ukwe, maana bila hilo hutaelewa kitu. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawali wakionana, hawaongei. Tukikutana njiani, mimi naingia kwenye majani na kugeukia kando, na yeye anavuta kitenge chake kichwani na kupita. Iko sherehe ya kufungua heshima hiyo: wazee wa upande wa mke wanapika, wanamwita mkwe, wanamlisha na kumwambia kuanzia leo wewe ni mtoto wa nyumba. Sisi hatukufanyiwa. Wale wa kuifanya walikuwa wametawanyika, na bila wao nani angethubutu?

Kwa hiyo tuliishi uwanja mmoja miaka mingi, tukizungumza kupitia kwa mke wangu. Nasema, "Mwambie mama chumvi iko dukani." Mama mkwe yuko nyuma ya ua wa majani, amesikia kila neno, lakini anasubiri mke wangu arudie. Kisha anajibu, nami nimesikia, nasubiri nirudiwe. Mke wangu alikuwa akichoka mpaka anatucheka. Mimi sura ya mama mkwe sikuijua. Nilijua nyayo zake, mgongo wake, na kile kikohozi cha asubuhi.

Siku moja mke wangu akaja na ujumbe, kwa Kiswahili chetu cha Kongo, ambacho ndio ni njo, watu ni batu, na kwa sababu ni juu. "Mama anasema usitupe ile karatasi yenye kuandikwa upande moja. Umuletee."

Nikaanza kubeba katoni kila jioni na kuiacha pembeni ya ua. Alikuwa anatengeneza mifuko. Alikunja karatasi upande wenye maandishi ukae nje na upande mweupe ukae ndani, kwenye chakula, akagandisha kwa uji mzito wa muhogo, unga uleule wa bukari, ugali wetu. Mifuko ya kwanza ililiwa na mbuzi wa jirani, kwa sababu ya huo muhogo, na mama mkwe akamfukuza yule mbuzi hadi barabarani. Ya pili wateja waliweka samaki ambao hawajakauka sawasawa, na makalio ya mifuko yakafunguka sokoni. Nilicheka peke yangu mbele ya nyumba, kwa sauti ndogo, maana kumcheka mama mkwe ni kosa kubwa. Baada ya hapo aliwauzia wenye karanga, wenye vitumbua na wenye maharage peke yao. Ukinunua karanga Kashikishi ulikuwa unasoma nusu ya mtihani wa historia huku unatafuna. Nilifurahi sana, nasema kweli. Nilijiona mtu wa maana.

Lakini zilizoandikwa pande zote mbili hazikumfaa, wino ungegusa chakula, na hizo na makatoni tuliendelea kuchoma. Ndipo akaja mama mmoja wa kukausha chisense, wale dagaa wetu wanaoanikwa mchangani. Alikuwa na beseni. Akaliweka juu ya meza yangu, juu ya kazi ya mteja. Upepo wa ziwani ulikuwa umechukua majivu na vipande vyenye moto nusu, ukavimwaga kwenye samaki wake waliokuwa bado wabichi, vikagandia. Akatoa samaki mmoja na kunionyesha. Ubavuni alikuwa na "Swali la nne."

"Mukwai," akaniambia kwa adabu ya huku, "mi nauzisha samaki. Siuzishe masomo."

Nilitaka kumjibu vibaya, mdomo ulikuwa tayari. Lakini nilipomfuata ufukweni nikaona mwenyewe. Mchanga ulikuwa na madoa meusi, na kwenye matete, mahali watu wanachota maji, karatasi zilikuwa zimelowa na kuwa uji wa kijivu unaoshika miguu. Nyingine zilikuwa na herufi zangu. Nikafikiria kwamba rimu inatoka mbali, inapanda malori, wanasema inatoka kwenye miti ambayo sitaiona maisha yangu, ikifika kwangu inakaa muda mfupi kuliko kitumbua, kisha inaharibu samaki wa mtu. Na sisi huku miti tunaijua thamani yake. Kuni za kubanikia samaki sasa zinaletwa kwa baiskeli kutoka mbali, na waendesha baiskeli wanafika wamekasirika. Niliona aibu, na nikiona aibu huwa nabadilika haraka kwa sababu siipendi.

Nikaweka sheria kibandani. Hakuna kuchapa mpaka mteja asome kwenye kompyuta, na jina la marehemu lisomwe kwa sauti na shangazi. Nakala ni pande zote mbili. Umeme ukianza kucheza, mashine inazimwa. Wafanyabiashara niliwapa nakala moja ndani ya nailoni ngumu, wakanung'unika, wakazoea. Shimo likapungua. Yule mama wa chisense akanipitishia samaki wachache.

Sikufikiria katoni ya mama mkwe. Nilikuwa nairudisha nyumbani na karatasi chache chini, jioni nyingine bila kitu, nami nikiona ni sifa. Mpaka mke wangu akanijia uso umebadilika.

"Mama anasema atavuka," akasema. "Arudie kule."

"Kule kuna nini? Nyumba ilianguka. Ndugu hawapo."

"Anasema hawezi kukaa kwa buko anakula na mikono bure. Wakati alikuwa na kazi, sawa. Sasa kazi imeisha."

Mke wangu alikuwa amempoteza baba yake na kaka zake kule. Mama huyu ndiye aliyebaki. Aliyasema hayo akikunja nguo, hakulia, na hilo liliniogopesha zaidi. Nilimpenda yule mama. Ajabu kumpenda mtu ambaye hujawahi kumtazama, lakini ndivyo ilivyokuwa, na sikuwa na njia ya kumwambia. Ningetuma ujumbe gani? "Mwambie mama nampenda"? Heshima ya buko haina nafasi ya maneno hayo.

Safari ikaahirishwa, sikujua kwa nini. Mifuko ikaonekana tena nyuma ya nyumba, na mke wangu akarudi kuimba jikoni. Wakati huohuo rimu zangu zikaanza kuisha upesi. Nililaumu mashine. Nikamlaumu jirani wa duka la dawa mbele yake, tukanuniana. Kisha nikanunua karanga sokoni, nikamaliza kula, nikageuza mfuko kutafuta cha kusoma. Ulikuwa mweupe. Nikaufungua gundi yote: mweupe ndani, mweupe nje, karatasi mpya ambayo haikuwahi kuonja wino.

Nilifika nyumbani nikiwa nimeushika. Nilipiga kelele, siwezi kusema niliongea. Nikamuuliza mke wangu kama sisi sasa ni watu wa kununua rimu ili kufungia karanga, na kama nilisumbua wafiwa wote wa Kashikishi bure.

Naye akasimama. "Kama katoni iko wazi, mama anaenda," akasema. "Njo maana najaza. Ulitaka nijaze na nini?"

Hapo tukakumbuka wote wawili kwamba ua wa majani hauzuii sauti. Baada ya muda mama mkwe akamwita binti yake. Mke wangu akarudi amebeba rundo la karatasi nyeupe ambazo hazijakunjwa, zimepangwa vizuri kuliko zilivyotoka dukani.

"Mama anasema hizi haziko za kufa," akasema, na sasa alilia. "Alifikiri mashine ilisahau kutia wino. Alikuwa anakuonea huruma juu ya ile mashine. Anasema tulimupatia kazi kama vile wanamupatia mutoto unga achezee."

Asubuhi furushi lilikuwa limefungwa. Mke wangu alikwenda kwenye maboti kumwombea nafasi, kwa kuwa mama akiamua ameamua, na mtoto hamkatalii mama yake. Nikabaki na kikohozi nyuma ya nyumba. Nilizunguka mbele ya mlango, nikaenda hadi barabarani, nikarudi. Halafu nikafanya kitu ambacho baba yangu angenifukuzia. Nikapita ule ua. Nikaingia kinyumenyume, nikaketi chini nimempa mgongo, nikatazama ukuta wa jirani.

"Mama," nikasema. "Miye njo naongea."

Nilisikia kitenge kinavutwa.

"Karatasi imeisha. Sina kazi ya kukupatia, na sitaki mashine ikufe ili upate kazi. Ubakie tu."

Nilingoja. Bila mke wangu katikati, sikujua kama maneno yamefika.

"Mutu anabakia juu ya nini?" akauliza. Sauti yake ilikuwa karibu kuliko nilivyofikiri.

"Juu uko mama. Asubuhi nikisikia unakohoa, najua batu ya nyumba bote beko bazima. Njo naenda kazini."

"Na nitakula bukari ya buko mikono bure?"

"Utakula."

"Batu batasema nini?"

"Batasema unakula."

Akatoa pumzi ndefu, nikadhani anasimama kuchukua furushi. Badala yake akaongea polepole, kama mtu anayepanga maneno mezani. "Bale benye kutufungulia ile mambo, bamoja balikufa, bengine sijui beko wapi. Bakubwa bote. Nimebakia miye. Basi miye njo mukubwa." Akakohoa. "Geuka."

Nikageuka. Nilikuwa na hofu kweli, mtu mzima mimi. Alikuwa mdogo kuliko mgongo wake, uso una mikunjo mingi, na macho yalikuwa mekundu kwa sababu hakulala. Alinitazama muda mrefu, mimi mume wa binti yake, kisha akasema nimenenepa.

Mke wangu alirudi kutoka kwenye maboti akatukuta tumekaa hivyo, tunatazamana. Alishika nguzo ya ua. Akaenda kuwasha jiko.

Sasa mama mkwe hapitishi tena ujumbe. Ananigombeza mwenyewe, uso kwa uso, na nakumbuka kwa uchungu ile miaka ya amani. Amekuja hadi kibandani kukagua kama shangazi wa marehemu anasoma kwa sauti inayotosha. Karatasi za kufa bado zipo, mashine ni mashine, lakini ni chache na zinakuwa chache zaidi. Anazikunja zikipatikana. Siku nyingine hakuna hata moja. Siku hizo mama mkwe wangu hatengenezi mfuko wowote, anakaa na sisi kwenye mkeka, na anakula.