Siku Niliyoonja kwa Niaba ya Mama Neema

Siku yangu ya kwanza kazini nilimenya na kukata vitunguu tangu asubuhi mpaka saa nane, na Chef alipovitazama akasema nusu vitarudiwa. Ilikuwa Sydenham, hapa Durban, ndani ya garaji ya nyumba iliyogeuzwa jiko. Hakukasirika. Alisema tu, "Mama Furaha, kitunguu cha watu mia mbili lazima kiwe saizi moja. Kidogo kinaungua, kikubwa kinabaki kibichi, halafu wewe unabaki kushangaa sufuria inanuka nini." Maneno hayo niliyaandika kwenye daftari siku ileile, ndiyo maana ninayo mpaka leo. Mengine sina hakika nayo sana. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, na kichwa nacho kinachakaa. Pale ninapokisia, nitasema ninakisia.

Kazi yetu inaitwa traiteur, ndiyo kusema mtu anayepika chakula cha sherehe za wengine na kukipeleka kwenye ukumbi. Mwenye kazi alikuwa Patronne, mwanamke mmoja wa kwetu, mwenye sauti ndogo na macho makali. Chini yake alikuwa Chef, mzee aliyepikia mapadri miaka mingi mbele ya kufika Durban. Mimi nilikuwa chini ya wote. Nilianza na vitunguu, nikapelekwa kwenye plonge, kule kwa kuosha vyombo, halafu kwenye sufuria ya sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, halafu kwenye bugali. Bugali ya watu mia tatu inasongwa na wanawake wawili wenye mabega. Mabega yangu yalibaki kule.

Chef alipenda kusema, "Hapa hatupiki chakula cha kuliwa. Tunapika chakula cha kungoja." Ninyi mnaoanza leo mtalielewa upesi. Kadi inasema saa saba. Kanisani mnatoka saa nane. Bwana na bibi harusi wanaenda kupiga picha kule baharini, wakwe wanangojana, pasta anapewa dakika tano anachukua arobaini, na chakula kinafunguliwa saa kumi na moja. Kila mtu anajua itakuwa hivyo, na kila mara kadi inaandikwa saa saba. Kwa hiyo mpishi wa harusi anauliza kwanza: hiki kinaweza kungoja? Sombe inaweza, tena inazidi kuwa tamu. Kuku ya karanga inaweza. Wali unaweza kama hakuna mtu anayefunua kifuniko kila saa. Kitu cha kukaanga hakiwezi. Ukikifungia ndani ya kasha la kutunza joto, mvuke unakirudia, ganda linalainika, na kinakuwa kitu kingine.

Chef alipoacha kazi, Patronne alinipa kazi ya kuonjesha. Wenye harusi hawachagui traiteur kwa maneno, wanataka kuonja. Unapika kidogo, unapeleka nyumbani kwao, kamati ya harusi inakula na kuamua. Sijui kwa nini alinichagua mimi. Labda kwa sababu sikuwa na maneno mengi. Hapo ninakisia.

Sasa nifike kwa Mama Neema. Alikuwa mjane mwenye saluni ndogo mjini, na binti yake Neema alikuwa anaolewa na kijana wa familia inayojiona. Wakwe walikuwa wamekwisha kurusha maneno kwamba nyumba isiyo na baba haijui kupokea watu. Maneno hayo yalimfikia, kama vile yalivyokusudiwa kumfikia. Aliita traiteur wawili, siku moja na kwa saa ileile, kwenye flat yake Berea. Sisi tulileta sombe na kuku ya karanga. Mwingine alikuwa Mkenya mmoja aliyejifunza upishi hotelini, mtu mwenye adabu na aproni iliyopigwa pasi. Yeye alileta tilapia ya kukaanga.

Tukakuta Mama Neema yuko kwenye kufunga. Siku tatu kavu, hata maji hapana, kwa ajili ya ndoa ya binti yake. Siku ile ilikuwa ya pili, na ukumbi ulitaka kujua jina la traiteur kesho yake.

Kamati ilikuwa na watu sita na wote walikula vizuri. Mjomba wa Neema alisema sombe ni tamu, samaki ni tamu, hata juisi ni tamu.

"Juisi ile ni ya sanduku, ya kununua, mjomba," Neema alisema.

"Basi sanduku ilijua kupika."

Mama Neema akaniita jikoni, akafunga mlango.

"Ule kaka yangu anasifu hata maji ya moto," alisema. "Mama Furaha, wewe uko mpishi. Uonje zote mbili, uniambie. Wewe ndiye utakuwa mdomo wangu."

"Mama Neema, mimi ninatoka kwa Patronne. Hauone kwamba haiko sawa?"

"Ninaona. Ndiyo maana ninakuuliza wewe. Yule kijana atasema yake ni nzuri. Wewe ukisema yenu ni nzuri, nitajua nimekosea kukuamini, basi. Lakini sitaki aibu mbele ya wale watu. Unanisikia?"

Nilimsikia. Nilionja sombe yetu. Ilikuwa sombe. Nilionja kuku, nikaona karanga zilikaa motoni zaidi kidogo. Halafu nilionja tilapia ya yule Mkenya. Ganda lilivunjika kwenye meno, ndani nyama ilikuwa nyeupe na laini, ndimu ilikuwa imeingia mpaka kwenye mfupa. Katika miaka yangu yote ya kazi sijapika samaki ya namna ile. Ninaandika hivi kwa sababu ni kweli na yule kijana anastahili iandikwe.

Nikamwambia, "Samaki yake inapita chakula chetu."

"Kwa kweli?"

"Kwa kweli, Mama."

Alinishika mkono. Halafu akafungua mlango, akaenda kuiambia kamati kwamba kazi ni ya yule Mkenya.

Mkenya alipojua amepata kazi, alinifuata kwenye ngazi kunisaidia kubeba sufuria. "Mama, sijui ulimwambia nini huko jikoni," alisema, "lakini asante."

"Kaza mfuniko," nilimwambia. "Mafuta yanamwagika."

Patronne nilimweleza yote mwenyewe, asisikie kwa mtu. Alisikiliza mpaka mwisho. "Nilikutuma kuonjesha," alisema. "Nani alikutuma kuhukumu?" Akanirudisha kwenye vitunguu miezi miwili. Sikulalamika, na leo pia silalamiki. Alikuwa na haki yake. Nilikata vitunguu na nilijiona mtu safi. Hilo nalo liko kwenye daftari, kwa maneno hayohayo, na ninaona haya kulisoma.

Mama Neema alinialika harusini kama mgeni. Ukumbi ule niliujua. Nilikuwa nimepika pale mara nyingi. Mwenye ukumbi hakubali mtu akaange kitu jikoni mwake sababu ya moshi. Chakula cha kukaanga lazima kikaangwe kwingine, kifungwe ndani ya makasha, kiletwe. Mkenya alifanya hivyo. Alifanya kazi yake kwa usafi, na alifika mbele ya saa, na hapo ndipo palikuwa shida, sababu maharusi walikuwa bado baharini.

Chakula kilifunguliwa saa kumi na moja na nusu. Nilipanga mstari na wengine. Tilapia ilikuwa imelainika kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Ganda lilibaki kwenye kijiko cha kupakulia. Yule kijana alisimama nyuma ya meza na aproni yake, akimwomba kila mgeni radhi kwa sauti ya chini. Hakuna aliyelalamika. Mama wa bwana harusi alichukua samaki yake, akaitazama, akaisogeza pembeni ya sahani, akaifunika na serviette kama mtu anayefunika maiti. Halafu akamgeukia dada yake, akasema kitu, na wote wawili wakamtazama Mama Neema aliyekuwa anapita kati ya meza na kuuliza watu kama wameshiba.

Jumatatu nilienda saluni kwake. Alikuwa anasuka mteja, kwa hiyo nilikaa kwenye benchi mpaka akamaliza.

"Nimekuja kuomba msamaha," nilisema.

"Kwa nini? Nilikuuliza kama ni tamu, ukajibu. Ilikuwa tamu siku ile. Hata Neema anasema ilikuwa tamu." Alikuwa anafagia nywele chini, hanitazami. "Ile ya kungoja masaa yote yale sikukuuliza. Mimi ninasuka nywele, ningejua wapi?"

Ningeweza kunyamaza hapo. Alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea. Lakini kama nilikuja kwa ajili ya kweli, ilikuwa lazima niseme na ile iliyobaki.

"Mimi nilijua," nilisema.

Akaacha kufagia.

"Nilijua samaki ya kukaanga haingoji. Nilijua ukumbi ule hauruhusu kukaanga. Nilipokuwa natafuna, nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Niliogopa utafikiri ninasema hivyo ili chakula chetu kichukuliwe. Nilitaka uone kwamba sipendelei."

Hakupandisha sauti, sababu kwenye kiti alikuwa amekwisha kukaa mteja mwingine.

"Basi siku ile ulikuwa unaangalia jina lako," alisema. "Sahani zangu haukuziangalia."

Alinisindikiza mpaka mlangoni kama mgeni, na alinipa mkono. Tulisalimiana vizuri miaka iliyofuata. Hakuniomba tena kitu.

Sasa ni miaka kadhaa nimeacha kazi. Ninakaa Sydenham kwa binti yangu, sina shida, magoti tu. Sitaki kujihukumu kupita kiasi. Ningemwambia yote, pengine angechagua samaki bado, sababu alikuwa amekwisha kuona watu walivyoila. Pengine wakwe wangepata kasoro nyingine. Watu wa namna ile hawakosi. Nimepima hayo pande zote na sijapata jibu. Ninachojua ni kwamba alinipa mdomo wake, na mimi nikautumia nusu.

Wasichana wanaoanza kazi hii wanakuja kunitembelea. Wanaleta mikate, wanakaa, wanauliza maji kiasi gani kwa bugali ya watu mia tatu, na sombe inatwangwa mpaka wapi. Ninawajibu vile ninavyojua. Halafu ninawaeleza ile ya samaki, hata kama hakuna aliyeuliza.