Zamu ya Ufagio

Fundi viti alikuwa na siku arobaini na moja. Alizihesabu kwa misumari: kila asubuhi, kabla hajagusa kazi, alipigilia msumari mmoja kwenye ubao nyuma ya mlango wa karakana, akasema, "Bwana Yesu, nishike na leo." Kila msumari ulikuwa siku moja bila kuangalia picha chafu kwenye simu.

Kwa miaka tisa aliziangalia. Simu yenyewe aliichukua kwa ajili ya kazi, maana wateja wa siku hizi hawaji tena kupapasa kitambaa kwa vidole. Wanataka kutumiwa picha. Basi picha zikaja, za vitambaa, na nyingine zisizo na kitambaa hata kidogo. Ikafika mahali anaacha sofa ya mtu tumbo wazi, springi nje, anajifungia stoo mchana kweupe. Mtu wa miaka hamsini na mbili, mwimba besi kanisani, baba wa mabinti wawili, akitubu asubuhi na kurudia adhuhuri.

Kwenye kazi hakuwa na mzaha. Baba yake alimfundisha kwamba kiti huvuliwa mpaka mbao ndipo kivishwe upya. Mafundi wa leo wanapiga pini kitambaa kipya juu ya cha zamani, juu ya sponji iliyooza na kunguni wake, na mteja anaondoka akichekelea.

Baba huyo huyo ndiye aliyemrithisha zamu ya ufagio. Enzi hizo kanisa halikuwa na vigae wala spika. Kila Jumamosi waumini wawili walifagia, wawili walewale mwaka mzima, na mwenye mzigo moyoni aliutua pale, macho sakafuni, mikono ikiwa kazini. Mwenzake hakushangaa wala hakuhubiri. Alifagia. Wakimaliza waliomba pamoja, wakatoa taka nje, na yaliyosemwa hayakurudi ndani. Baba yake alifagia na mwashi mmoja miaka ishirini, na mwashi yule akazikwa na yote aliyoambiwa. Watu wa namna hiyo wamekwisha. Siku hizi ufagio wameiachia kampuni ya watu wenye sare, na mizigo ya waumini imetupwa kwenye kundi la maombi la simu, watu mia mbili na kumi na wawili, nusu yao hawajuani hata sura.

Kosa la fundi lilikuwa kudhani mambo bado ni yale. Siku ya arobaini, Ijumaa, alimfuata mchungaji kijana ofisini, akamweleza yote, akaomba ushauri wa jinsi ya kumwambia mkewe Jumapili. Mchungaji akamshika bega, akafumba macho, akatoa na chozi. Fundi alipotoka tu, mchungaji akaandika kwenye kundi.

Jumamosi asubuhi mkewe aliingia karakana bila hodi.

"Soma," akamnyooshea simu.

*Wapendwa, tumwombee fundi viti wetu, anayeteswa na roho ya picha chafu. Afunguliwe leo!* Chini yake vile viganja vya kuomba vilikuwa vimejipanga kama siafu.

"Mama, nilikuwa nikwambie kesho..."

"Kesho! Mama mkwe wa binti yako kaandika amina. Muuza maji kaandika amina. Mimi mkeo wa miaka ishirini na sita ndiyo nisome foleni moja na muuza maji?"

"Nilitaka kwanza..."

"Ulitaka kwanza mwanamume mwenzio akuonee huruma. Mimi sina masikio?" Akageuka. "Nyumbani usije mpaka ujue unakuja kusema nini."

Mkewe hajafika mbali, mteja wa sofa ya buluu akaja na mkokoteni. Ameghairi. Aliishika sofa yake kwa ncha za vidole, ikiwa nusu uchi, akaondoka nayo.

Hasira ikampanda fundi mpaka masikio yakavuma. Na hasira ndiyo iliyokuwa njia yake siku zote. Akishaudhika, miguu yenyewe ilijua stoo iko wapi. Kama wameshamtangaza mchafu, ajizuie kwa ajili ya nani? Akaingia, akafunga kwa ndani, akawasha simu.

Mlango ukagongwa.

"Shemeji, toka. Najua uko na simu."

Alikuwa kaka wa mkewe, fundi bomba mwenye mdomo mchafu kuliko mabomba yake.

"Umekuja kunicheka?"

"Nitakucheka baadaye, leo nina kazi. Fungua."

Fundi akafungua. Simu ilikuwa inawaka kiganjani.

"Umeshaangalia?"

"Bado."

"Una siku ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Mimi mia nne na sita."

Fundi akamkodolea macho. "Wewe?"

"Ulidhani yanayoziba ni mabomba tu? Nilifika tisini nikaanguka, nikaanza tena moja. Mungu hajanifungia mlango."

"Ulimwambia nani?"

"Mke wangu, kabla ya mchungaji yeyote. Alinirushia sufuria. Lakini alisikia kwangu, hakusoma popote. Lete hiyo simu. Karakana hii haina ufagio?"

Wakabeba ufagio mpaka kanisani, wakafagia kuanzia madhabahuni kama wazee wa zamani. Fundi alisema yote, macho sakafuni. Shemeji hakuinua kichwa. Walikuwa wamefika mlangoni mchungaji alipotokea, viatu vinang'aa.

"Mtumishi! Kesho una dakika tano za ushuhuda, kamera zote zitakuwepo. Na ufagio acheni, kampuni inakuja alfajiri."

"Mchungaji, nilikuletea kidonda ukifunge. Wewe umekwenda kukianika sokoni."

"Ni maombi tu, mzee wangu. Watu wanakupenda."

"Wananipenda mpaka wamekuja na mkokoteni kuchukua sofa zao! Bwana Yesu alimgusa mwenye ukoma akamwambia anyamaze. Wewe hukunigusa, umenitangaza. Futa. Halafu ukamwombe radhi mke wangu. Ushuhuda wangu ni wake, si wa kamera."

"Nikifuta, wataona nimefuta."

"Waone," alisema shemeji. "Inua mguu, Mchungaji, umekanyaga taka."

Mchungaji akainua mguu. Akasimama hivyo, mguu mmoja juu, kidole kikitafuta pa kubonyeza. Baadhi ya wanadamu hujifunza hivyo hivyo, kwa aibu, na si haba.

Wawili wale wakaomba kwa maneno machache, wakatoa taka nje. Simu ilibaki mfukoni mwa shemeji. "Jumamosi saa mbili," alisema. "Ukichelewa nakufuata."

Mkewe alikuwa sebuleni. Mle ndani kulikuwa na sofa ambayo fundi hakuwahi kuitengeneza, springi moja imetoboa nje tangu binti mdogo yuko shule ya msingi.

"Unajua unachokuja kusema?"

"Najua. Kuanzia mwanzo, na hutapenda."

"Kupenda nani kakuuliza? Kaa hapo." Akamwonyesha pale penye springi.

Akakaa. Ikamchoma. Hakuhama, akaanza na mwaka wa kwanza.