Gauni Jeupe na Uso wa Rozi

Katika kazi hii yote ya kurekodi harusi, mwanangu, siku ninayoikumbuka zaidi ni Jumapili moja alasiri pale mtaa wa Tena, sebuleni kwa Mzee Shitandi. Leo mnaniita mzee kwa sababu ya mvi hizi. Wakati huo nilikuwa kijana wa jinzi za kubana. Kamera ndogo kama hiyo yako, zisizo na kioo cha kuakisi picha ndani, ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia mitaani kwetu. Nikipita na moja mtaa wa Huruma, watoto walinifuata mpaka mwisho wa barabara wakipaza sauti, "Niaje msee, tupige picha moja!" Wengine sasa ni wazazi. Ningelipa chochote nisikie tena kelele zile.

Kamera yenyewe ilikuwa ya Mama Brenda, aliyenifundisha kazi. Alikuwa na studio Buruburu, na sijui kama kuna familia ya upande ule ambayo hakuipigia picha za harusi. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alikunywa chai ya rangi, akatazama kazi yako, na akinyamaza sana ulijua umeharibu. Wiki ya harusi ya Rozi mgongo ulimlaza kitandani, akanituma peke yangu.

Rozi alikuwa kitinda mimba wa Mzee Shitandi. Mzee alikuwa amefanya kazi kiwandani tangu atoke kwao magharibi, mpaka presha ya macho ikamrudisha nyumbani. Kufikia harusi ile aliona tu kitu kilicho karibu kabisa, tena chenye mwanga mzuri. Asubuhi ya harusi Rozi alinivuta kando, shela mkononi.

"Baba hataniona kanisani," aliniambia. "Lakini akikaa karibu na TV anaona kidogo. Hiyo video ndiyo harusi yake. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Niliiweka kamera kwenye otomatiki, kama tulivyofanya vijana wote wakati huo, nikaanza kurekodi. Nyuma ya madhabahu kulikuwa na madirisha makubwa yenye jua. Kuta nyeupe, wasimamizi wamevaa nyeupe, na gauni la Rozi jeupe kuliko vyote. Kwenye kioo kidogo cha kamera ilipendeza sana.

Basi Jumapili iliyofuata nikapeleka video. Sebule ilijaa ndugu, vitambaa vya kufuma vimetandazwa upya kwenye makochi, chapati zinanukia jikoni. Mzee alisogeza stuli mpaka pua yake ikakaribia kugusa TV. Kwaya ikaimba, Rozi akaingia. Mzee akatazama kwa muda mrefu.

"Gauni naliona," akasema. "Hili hapa. Uso wa Rozi uko wapi?"

Uso ulikuwepo, lakini ulikuwa kivuli kitupu juu ya gauni linalong'aa. Kisha mjomba mmoja mnene, mwenye suti nyeusi, akakatiza mbele ya kamera, na picha nzima ikapata mwanga kwa muda mfupi. Uso wa Rozi ukatokea. Mjomba akaondoka, ukazama tena.

"Hapo nilimwona," Mzee akasema. "Rudisha hapo."

Nikarudisha. Akaomba tena, nikarudisha tena. Rozi aliinuka, akaenda jikoni, na hakurudi mpaka nilipoaga.

Nilimkuta Mama Brenda kitandani, nikamwonyesha. Alinyamaza, mwanangu, kwa namna ile niliyokuambia.

"Nani aliamua mwanga uwe kiasi gani?" akauliza.

"Kamera, Mama."

"Kamera haijui bibi harusi ni nani. Imeona weupe mwingi, ikadhani jua limezidi, ikapunguza. Amepita mtu wa suti nyeusi, ikadhani giza limeingia, ikaongeza. Mle kanisani wewe ndiye uliyejua ni uso gani unatafutwa. Rozi alikuambia."

Jumamosi iliyofuata aliamka na mgongo wake vile vile, akashika bega langu, tukaenda Tena. Alimwomba Rozi avae gauni tena na mumewe avae suti. Rozi alisita, kisha akacheka kidogo, akakubali. Majirani wakatoka kutazama, na mama mmoja wa ghorofa ya juu akapiga vigelegele kama vile harusi ndiyo kwanza inaanza.

Mama Brenda alimsimamisha Rozi kwenye kivuli cha ukuta, mbali na jua kali. "Sasa zima otomatiki," akaniambia. Nikaweka kasi ya shata, kile kipazia cha ndani ya kamera, mara mbili ya idadi ya fremu kwa sekunde, akanionya nisiiguse tena, maana ikipanda sana mwendo wa watu unakuwa wa kushtukashtuka. Nikafungua tundu la lenzi. Nikapandisha ISO, wepesi wa kamera kuhisi mwanga, taratibu mpaka uso wa Rozi ukaja wote, macho, mashavu, hata jasho dogo juu ya mdomo. Mistari ya kuonya kwamba mwanga umezidi ikaanza kucheza begani mwa gauni.

"Gauni linaungua, Mama."

"Kidogo si kitu. Uso usipotee."

Rozi akatazama lenzi. "Baba, ni mimi," akasema. "Nywele nimesuka vile mama alikuwa akisuka."

Jioni ile Mzee Shitandi alikaa kwenye stuli yake. Alitazama mpaka mwisho, sisi tumesimama nyuma yake. Kisha akageuka kuelekea sauti ya binti yake.

"Kumbe umekuwa mama yako," akasema. "Hakuna aliyeniambia."

Macho yake yalizima kabisa kabla Rozi hajapata mtoto. Lakini uso ule alishauona.

Kwa hiyo, mwanangu, kesho ukienda kurekodi harusi yako ya kwanza, fika mapema na uulize nani anaonwa na nani atatazama. Weka kasi ya shata, iache hapo. Ndani, fungua lenzi kwanza, ISO iwe msaada wa mwisho, kwa sababu ikizidi picha hujaa chengachenga. Nje kwenye jua, funga kichujio cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi badala ya kukimbilia shata. Pima mwanga kwenye ngozi ya mtu, si kwenye nguo yake, na ngozi zetu nyeusi zistahi. Zinapendeza sana zikipewa haki yake. Watu wakihama kutoka kivulini kwenda juani, badilisha mwanga wewe mwenyewe kwa mkono, polepole.

Nenda basi. Mungu ayatunze macho yako na ya wazazi wako, aupe mkono wako utulivu, na kila atakayesimama mbele ya kamera yako aonekane na wale wanaompenda.