Bibi Alivyoisalimia Kompyuta

Maganda ya kahawa yakirundikwa nyuma ya nyumba na kuanza kuchacha hutoa harufu ya utamu uliooza, na hata leo ikinipitia puani hunirudisha Hasamba kwa Bibi mzaa mama, msimu ule wa kuchuma nilipokuwa darasa la sita. Baridi ya Mbozi ilitutia ganzi vidoleni. Mchana tulichuma, jioni tulizungusha mashine ya kumenyea, na katikati ya kazi watu wazima walibishana kuhusu Mjomba Elia. Huyu alikuwa mtoto pekee wa kiume wa Bibi. Alivuka mpaka kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba Zambia kabla sijazaliwa, akanyamaza jumla. Msimu ule Babu Mdogo, ndugu wa marehemu babu yangu, alitaka ukoo ukae msiba, watu walie wamalize, mioyo ipoe. Bibi alikataa katakata. "Mwanangu mnamzika kwa sababu mmechoka kumsubiri?" aliwauliza, nami niliyekuwa nachambua kahawa pembeni nilitamani kumpigia makofi.

Wazo la kompyuta nilimpa mimi. Mwalimu wetu alituambia kwamba Tunduma kuna chumba cha intaneti, na humo kuna ukurasa wa kutafutia mambo, ulioanza kama kazi ya wanafunzi wa chuo huko ng'ambo na sasa unaulizwa na dunia nzima. Nilimweleza Bibi kwa mbwembwe zote za mtu anayesimulia asichowahi kukiona. "Na watu unawajua?" akauliza. Nikamjibu kwamba unajua kila kitu. Basi! Jumamosi akavaa kitenge chake cha kanisani, akajipaka mafuta, tukaenda. Malori yalikuwa yamepanga foleni tangu Mpemba, moshi wa dizeli ukitukereketa koo, na wabadilisha fedha walimwita Bibi "bamayo, bamayo," yaani mama kwa Kibemba, wakimpungia kwacha. Hakuwatazama.

Chumba chenyewe kilikuwa chembamba, kinanuka plastiki iliyopata moto. Msichana mhudumu, Dada Tumaini, alitukalisha mbele ya ukurasa mweupe wenye kisanduku kimoja tu katikati, akauliza tuandike nini. Bibi akarekebisha kitenge. "Andika: hamjambo hapo. Mimi ni mama yake Elia, wa Hasamba, mke wa marehemu mzee Yona. Sijaja kwa ubaya, namtafuta mwanangu. Ni mrefu, ana kovu kidevuni alikokatwa na jembe akiwa mdogo, na akicheka huziba mdomo kwa mkono." Tumaini akaangua kicheko, akasema jina peke yake linatosha. Bibi alimtolea macho. "Wee! Unaingia kwenye mji wa watu unapayuka jina tu, hata salamu hakuna? Andika, binti." Tumaini akaandika yote, na kompyuta ikatuletea majembe yanayouzwa. Ndipo akajaribu jina peke yake. Wakajaa kina Elia: mhubiri, mcheza mpira, mwingine kavaa suti. Bibi aliinama mpaka pua ikakaribia kioo, akakagua kidevu cha kila mmoja. Siye. Na huyu siye. Nilijua nyumbani Babu Mdogo anasubiri jibu.

Bibi akajiweka sawa kwenye kiti. "Imesema amekufa?"

"Hapana, Bibi."

"Na mnasema inajua kila kitu."

Tumaini, ambaye sasa hakuwa anacheka tena, akasema taratibu kwamba ndivyo watu wanavyosema. "Haya, asante," Bibi akaiambia kompyuta, siyo sisi. Jioni ile alimweleza Babu Mdogo kwamba amekwenda kuuliza mpaka Tunduma, na hata huko hawajasema Elia amekufa. Msiba haukukaliwa.

Siku hizi kampuni yenye ukurasa ule imeijaza simu yangu: barua pepe zangu wanazo wao, video wao, tafsiri wao, ingawa Kinyiha changu nimekitafuta humo sijakiona. Ramani yao hunionyesha bati la nyumba ya Bibi kutoka angani. Na ile kazi ya kutafuta, ambayo zamani ilitaka neno moja moja, sasa inakubembeleza uongee nayo kama unavyoongea na mtu. Hunichekesha sana, imechukua miaka yote hii kujifunza adabu ambayo Bibi alikwenda nayo siku ya kwanza. Yeye mwenyewe amelala pembeni ya mibuni yake, na kando yake pameachwa nafasi ambayo hakuna anayethubutu kusema ni ya nani. Msimu uliopita nilikuwa nimekaa na Mama uani, nikaishika simu nikaitamkia yote, kuanzia hamjambo hapo mpaka kovu la jembe na mkono mdomoni. Sauti laini ikanijibu kwa Kiswahili safi kwamba haina taarifa za mtu huyo. Mama alikuwa anachambua kahawa, wala hakuinua kichwa.

"Imesema amekufa?"

"Hapana, Mama."

"Basi tumsubiri," akasema, akanisogezea ungo.