Mlima Kilimanjaro wa Pazia

Enzi zetu hapa Ulemo, safari tulizisafiri tukiwa tumesimama. Sikukuu ya Uhuru ikifika, mpiga picha alikuja kwa baiskeli kutoka Singida Mjini, akatundika pazia kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Upande mmoja lilichorwa Mlima Kilimanjaro na twiga mwenye shingo fupi, upande wa pili Mnara wa Uhuru wa Dar es Salaam. Tulipakwa mafuta ya alizeti mpaka magoti yakang'aa. Unga wa mtama ulipeperuka kutoka mashineni, tukatokea kwenye picha na mvi. Baba alituonya, "Msicheke, picha si mchezo!" Ndiyo maana wote tumenuna kama tumekamatwa. Tukirudi nyumbani ndipo tulipokula wali kwa kuku, wali wa mwaka mzima.

Picha ya mwisho wazazi hawamo. Baba alitangulia, mama akafuata kabla ya mavuno. Baba mdogo akatugawa mimi na wadogo zangu watatu: Neema aende Kilimatinde kwa shangazi, Joeli kwake akachunge, Elia, mdogo kabisa, kwa wajomba. "Wewe umeshakua," aliniambia, "utaolewa." Nilikuwa darasa la sita.

Sikukuu ilipofika niliuza kuku wawili, nikawasimamisha wadogo zangu mbele ya mlima ili kila mmoja aondoke na nakala yake.

"Sogeeni!" mpiga picha akafoka. "Mnakaa kama hamjuani!"

Tukabanana. Elia alinishika gauni kwa mikono miwili, na picha ilipokwisha hakuliachia. Nikaenda naye hivyo hivyo hadi kwa baba mdogo.

"Shikamoo, baba mdogo. Hapa haendi mtu."

"Utawalisha nini?"

"Mlenda."

Tukala mlenda kweli, mboga ya kuchuma porini, miaka. Shule niliiacha, jembe nikalishika, na mpaka leo sijaomba radhi kwa mtu.

Sikukuu ya Uhuru ya mwaka huu wakwe wa Elia, wazazi wa mchumba wake, walikuwa wanakuja kutufahamu. Asubuhi nikamkuta sebuleni anatungua picha zetu ukutani.

"Dada, hizi tuziweke ndani kwanza. Watatucheka. Mlima wa kitambaa!"

Binti wa Neema naye akadakia, simu mkononi, "Mama mkubwa, nipe dakika mbili, nakutolea hilo pazia nakuwekea mlima wa kweli."

"Jaribu uone," nikamwambia. Kisha nikamgeukia Elia, ameshika ile picha ya mwisho. "Wakiuliza, waambie mlimani hatukufika. Waambie na sababu ya kubanana hivyo. Siku ile mlikuwa mnagawanywa."

"Nilidhani ilikuwa ya sikukuu tu," Elia akasema. Akaitundika mwenyewe, ikakaa upande, nikamwambia ainyooshe.

Vijana wa leo wanapanda Kilimanjaro kweli, na nawapongeza. Ila wanarudi na picha mia za uso mmoja, mlima wenyewe umefichwa na kichwa. Simu ikianguka kwenye ndoo ya maji, safari yote imekwenda. Nazikumbuka sana siku zile za kungojea baiskeli itokee barabarani, na hazirudi. Hatukufika popote. Lakini kwenye picha ile tumo wote wanne, na wakwe walikaa chini yake wakanywa chai.