Mafuta ya Samaki na Mbio za Fedha

Jumamosi moja nilitoka mtaani kwetu Mbotela kwa sababu kifua changu kilikuwa kimegoma. Kampuni moja ya rangi ilitaka karani mwanamke ambaye pia angeikimbilia mita elfu moja na mia tano kwenye michezo ya makampuni. Kupiga taipu nilijua. Kukimbia nilijua pia, mpaka mzunguko wa pili, kifua kinapobana na kuanza kupiga filimbi. Majaribio yalikuwa Jumamosi hiyo huko mtaa wa Fedha, na mimi nilikuwa nimekaa mwaka mzima bila kazi.

Daktari wa zahanati alishaniambia ni pumu inayoamshwa na mazoezi, akanipa pampu, kile kichupa cha buluu cha kupuliza mdomoni. "Mara mbili, robo saa kabla ya kukimbia," alisema. Maskini, alisoma miaka mingi lakini hakusomea Mbotela. Kwetu kila mtu anajua kwamba ukizoea pampu, umekwisha. Profesa wa somo hilo alikuwa Shangazi Mwelu, dada ya baba, niliyekuwa nikiishi naye. "Ndunge mwanangu, hiyo huiachi mpaka uzikwe nayo," aliniambia mbele ya akina mama wote pale bombani. Nikaona haya, nikaificha pampu ndani ya mkebe wa unga. Ikakaa huko, salama kabisa.

Saa moja asubuhi mimi na Shangazi tulishika njia kwa miguu kwenda kwenye maduka ya Eastleigh, kutafuta dawa ya heshima. Vitunguu saumu nilikuwa nimeshatafuna wiki nzima, hata kanisani watu wakaniachia benchi zima. Tulipovuka daraja na kuanza kupanda, Shangazi akasimama. "Ngoja nijisaidie," akasema, akapotea nyuma ya ukuta wa mabati. Alirudi mwepesi, akaendelea na mahubiri yake palepale alipoyaachia.

Saa mbili na nusu tulikuwa barabara ya First Avenue, hukohuko Eastleigh. Duka tulilolitafuta liliuza mashuka, redio na afya. Mwenye duka akatupangia mezani mafuta ya samaki, vidonge vya vitamini na mkebe wenye picha ya mwanamume aliyevimba misuli.

"Dada, meza haya mafuta mwezi mmoja, kifua utakisahau."

"Nakimbia leo saa tano."

Akafikiri kidogo. "Basi meza vijiko vinne."

Utaalamu wa kiasi hicho huupati zahanati. Nilimeza vyote vinne, nikanunua na chupa yenyewe.

Saa nne na nusu tulishuka basi Fedha. Kutoka kituoni hadi uwanjani ni hatua chache, lakini Shangazi alikwenda kujisaidia tena, nyuma ya kibanda cha makaa. Nilimwonea huruma, nikadhani ni ugonjwa wa sukari.

Kocha wa kampuni, mtu wa Kakamega mwenye sauti ya upole, akatuambia tupashe misuli moto. Nilizunguka uwanja mara moja tu. Samaki wakapanda kooni na kifua kikafunga. Niliinama nikashika magoti, navuta hewa na hewa haiji. Niliogopa, sitadanganya. Niliiona kazi ikienda zake, nikaiona na pampu yangu imelala kwenye unga.

"Dada, tunaanza baada ya dakika ishirini," kocha akaniambia. "Kama huwezi, sema sasa."

Shangazi akanishika mkono, akanivuta nyuma ya gari la kampuni. Akatia mkono ndani ya blauzi yake, akatoa kichupa cha buluu kilichochubuka rangi kwa kushikwashikwa.

"Tikisa," akasema bila kunitazama usoni. "Toa pumzi yote. Sasa bonyeza huku ukivuta. Shika pumzi, hesabu kumi. Haya, rudia."

Kwa mtu aliyeikashifu mbele ya bomba zima, alikuwa fundi kwelikweli. Baada ya dakika chache kifua kilifunguka.

"Kumbe kujisaidia kote kule, Shangazi!"

"Wacha maneno. Kimbia."

Nilimaliza wa pili. Kocha akaandika jina langu na kuniambia nianze kazi Jumatatu.

Jioni, njia nzima ya kurudi, nilitembea hatua kumi mbele yake. Nilikuwa na hasira jamani, ningekosa kazi, pengine hata pumzi yenyewe, kwa sababu ya aibu yake. Lakini mkebe wa unga niliufunika mwenyewe. Nilichojifunza ni kwamba mafuta ya samaki ni chakula kizuri, na daktari akisema robo saa kabla, ana maana ya robo saa kabla.

Akina mama walikuwa bombani kama kawaida. "Ndunge! Umepita? Umetumia nini?" Mama mmoja, ambaye binti yake hubanwa kifua kila akiruka kamba, alikuwa ameikazia macho chupa yangu ya mafuta. "Ni hii, ee? Wanaiuza wapi?"

Nilimtazama Shangazi. Aliweka mkoba chini, akatoa pampu kifuani, akaipuliza mbele yao wote, akashika pumzi. Bomba likawa linamwaga maji bure. Tukangoja hadi kumi.

"Miaka sita," akasema alipoachia pumzi. "Nani amenizika?"