Shingo ya Mkata Filamu

Jumamosi nilikwenda Garsen, kwenye duka la kijana anayewajazia watu filamu kwenye flash. Wajukuu walikuwa wamenisumbua likizo nzima. Nyuma yangu alisimama mwanamume aliyetoka kuuza mbuzi mnadani.

"Hii tamu, nyanya," kijana akasema, akanigeuzia kompyuta. Pembeni paliandikwa kumi na nane. Shuleni sikufika mbali, lakini tarakimu nazijua.

"Wangu wana miaka saba na tisa."

"Usijali, nimeikata. Mambo ya kitandani yote nimetoa. Hata na mkweo mnaweza kuitazama."

"Na hapa wanapochoma kijiji?"

"Hapo nimeacha. Bila moto nani ataitaka?"

Sisi wa huku nyumba zikiungua tumeziona bila filamu. Nikamwuliza, "Na hivyo vipande ulivyokata, umevitupa wapi?"

Kijana akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi. Mwuza mbuzi akacheka mpaka akashika ukuta. "Nyanya, hivyo havitupwi! Vina flash yake, jioni anawauzia vijana wa bodaboda pale steji."

Kwetu anayechinja hupewa shingo kuwa ujira wake, na huondoka nayo watu wakiona. Huyu shingo yake anaificha chini ya meza, halafu ananiapia kwamba nyama ni safi.

Nilirudi nyumbani Minjila na flash tupu. Wajukuu wameninunia, na wanune. Nanyi mnaoambiwa kwamba filamu imekatwa kwa ajili ya watoto, msiulize kilichobaki tu. Muulizeni mkataji amebaki na nini.